Barua ya wazi kwa wasimamizi wa makumbusho: waingizeni bibi na wajukuu pamoja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa la Tanzania,
Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam,
Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni.

Yah: Jumapili ya familia katika makumbusho ya Dar es Salaam

Waheshimiwa, salaam.

Jumapili mchana, ibada zikishakwisha, Dar es Salaam hutoka nje. Ukisimama Magogoni utakuta familia nzima zinasubiri kivuko cha Kigamboni, watoto wameshikana mikono, mama amebeba hotipoti ya ubwabwa kwenye kikapu. Coco Beach mihogo inakaangwa, watoto wanafukuzana mchangani mpaka jua lizame. Julai ikifika, viwanja vya Sabasaba kule Barabara ya Kilwa vinafurika, mzazi anatembea kamkamata mtoto kiwiko asipotelee kwenye umati. Idd Pili ndiyo usiseme: watoto wana nguo mpya, wana hela ya sikukuu mkononi, na kila mmoja anadai apelekwe mahali. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na sidhani kuna anayeweza kudai kwamba watu hawa hawana desturi ya kutembea na watoto wao. Wanayo, na wanaigharamia kwa jasho.

Kinachoniuma, na ndicho kilichonifanya niwaandikie, ni kwamba katika matembezi hayo yote makumbusho hayamo. Kwenye kituo cha daladala cha Makumbusho, pale Kijitonyama, watu wanashuka na kupanda tangu alfajiri hadi usiku. Makondakta wanaliita jina hilo kutwa nzima. Karibu kabisa na pale wanaposhuka abiria kuna Kijiji cha Makumbusho, chenye msonge wa Wahaya na tembe ya Wagogo, nyumba za asili zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na wengi wetu tumezeeka tunapita nje ya uzio bila kuingia.

Wala si kwamba tuna makumbusho ya kubahatisha. Yale ya Mtaa wa Shaaban Robert yalifunguliwa kwa umma mwaka 1940, yakiwa ni ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na baadaye yakawa yetu, yakaongezwa majengo, yakapewa na kazi ya kuwa Nyumba ya Utamaduni. Hapo ndipo linapotunzwa fuvu halisi la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na ambalo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75 hivi. Kuna vyombo vya Kilwa ya kale. Kuna magari aliyopanda Mwalimu Nyerere. Nje ya geti kuna bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwishoni mwa karne ya 19, na jirani yake ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge letu liliketi. Miji mingi ingetamani kuwa na mtaa mmoja kama huo.

Wapo wanaosema tatizo ni kiingilio. Sikubaliani nao. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, na familia ile ile inatoa zaidi ya hapo ufukweni kwa bembea na aiskrimu. Gharama iko kwenye safari yenyewe. Chukua familia ya watu sita wa Mbagala au Gongo la Mboto: nauli ya kwenda na kurudi, pengine kwa kuunganisha magari mawili, halafu maji ya kunywa, halafu chakula, maana mtoto mwenye njaa hana subira na historia. Mzazi akishatoa hela yote hiyo anataka siku nzima. Ufukwe unampa siku nzima. Makumbusho, kwa jinsi yalivyopangwa, yanampa dakika arobaini na tano, kisha anajikuta yuko nje getini na watoto wanauliza, "Sasa tunaenda wapi?"

Kwa jinsi ninavyoona, yamepangwa kwa ajili ya wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni mwanafunzi. Anakuja na basi la shule, kavaa sare, wamepangwa wawili wawili, daftari mkononi, na mwalimu wake anahesabu vichwa kila baada ya chumba kimoja. Wa pili ni mtalii aliyetoka mbali, ana nusu siku mjini kabla ya kupanda boti ya Zanzibar au ndege ya kwenda mbugani. Wote wawili wanastahili kupokewa vizuri, na kazi mnayoifanya kwa shule naiheshimu kutoka moyoni. Watoto wengi wa mikoani wameiona Dar es Salaam kwa mara ya kwanza kupitia safari hizo. Ila wageni hawa wote wawili huja mara moja, wakaondoka. Familia ikipapenda mahali inarudi, mwaka baada ya mwaka, na inaleta majirani. Nayo haitembei kama darasa. Mtoto wa miaka minne atasimama mbele ya ngoma moja mpaka umwinue, kisha atalipita fuvu la miaka milioni bila kugeuza shingo. Bibi magoti yanamuuma, anataka kiti. Baba anataka kusoma kila kibao mpaka mwisho. Kichanga kinataka kunyonya. Kuwapokea watu hawa wote kwa pamoja kunahitaji mpango wa namna nyingine.

Naomba niwaeleze nilichokiona Kijiji cha Makumbusho. Mama mkwe wangu ni Mgogo, kazaliwa na kukulia upande wa Dodoma. Alikuja kwetu Tabata kutibiwa macho, na alipopata nafuu tukaamua kumtoa, yeye na wajukuu. Tulipofika kwenye tembe alisimama mlangoni, akaupapasa mti wa mlango kwa kiganja, kisha akainama akaingia bila kumngoja mtu. Huko ndani akaanza: hapa ndama, huku jiwe la kusagia, hapa mama yangu alikuwa anaweka vibuyu. Akatutoa nje kutuonesha paa, kwa sababu paa la tembe ni bapa na limefunikwa udongo, akasema huko juu ndiko walikoanika mtama, na wao watoto ndio waliopandishwa kufukuza ndege. Mwanangu wa pili, ambaye nyumbani bibi akiongea yeye macho yako kwenye katuni, akauliza, "Bibi, ulikuwa hauanguki?" Akaambiwa nani alianguka, lini, na alichapwa na nani. Akauliza habari za nyoka. Akapewa habari za nyoka, tena kwa kirefu.

Tulipogeuka, nyuma yetu kulikuwa na familia nyingine tusizozijua, zimesimama zinasikiliza. Kijana mwongozaji, mstaarabu sana, alikuwa amekaa pembeni naye anasikiliza. Baba mmoja akasema, "Shikamoo mama. Na kwetu Singida ilikuwa hivi hivi." Wakaanza kulinganisha, huyu anasema mlango wetu ulitazama huku, yule anasema wetu kule. Binti wa yule baba, nadhani wa darasa la tatu, akamvuta shati: "Kumbe sisi ni wa Singida?"

Swali la mtoto yule sijalisahau. Watoto wa jiji hili ni wajukuu wa watu waliotoka kila pembe. Nyumba moja ya kupanga pale mtaani kwetu ina Mnyakyusa, Mchagga, Mmakonde na Mzaramo, na watoto wao wote wanaongea Kiswahili kimoja, wanacheza rede pamoja, na mimi nashukuru kwa hilo. Ni matunda ya kazi kubwa iliyofanywa na waliotutangulia. Lakini mtoto akiuliza "sisi ni kabila gani, na huko kwetu kukoje?", mzazi wa makamo yangu mara nyingi hana jibu lililoshiba. Anayelijua ni bibi. Na bibi, katika vyumba viwili vyenye televisheni inayowaka kutwa, hana pa kuanzia. Atasema nini, na kwa nini leo? Pale kwenye tembe alipata pa kuanzia. Mti wa mlango ulimpa. Hakuna mwongozaji, hata awe amesoma namna gani, angeweza kuwaambia wajukuu zangu aliyeanguka kutoka kwenye paa alikuwa mjomba wao nani.

Wazee wa umri wake, waliolala kweli ndani ya tembe na msonge, wanazidi kupungua kila mwaka. Kwa hiyo ninaloliomba ni la haraka kuliko linavyoonekana.

Tupeni Jumapili moja kila mwezi iwe ya familia. Kwa Kijiji cha Makumbusho si jambo geni, kwani tayari mna utamaduni wa siku za makabila, ambapo watu wa eneo fulani wanakuja kujenga, kupika na kucheza ngoma zao. Ninachoomba ni kwamba lisiwe tukio la kusikia limeshapita. Liwe na tarehe isiyobadilika, ijulikane tangu Januari, itangazwe redioni, kwenye ofisi za serikali za mitaa, misikitini na makanisani, na kwenye makundi ya simu ya mitaa yetu ambako matangazo ya maji na umeme yanatufikia ndani ya dakika moja. Kila Jumapili iwe na nyumba yake. Mwezi wa tembe waalikwe wazee wa Kigogo na wa Kinyaturu wanaoishi hapa hapa mjini, wapewe nauli, kiti kizuri cha kukalia na kivuli, na waachwe waongee. Waongozaji wenu wawe wenyeji wao, wakianzisha mazungumzo na kuwauliza maswali. Pia wawarekodi. Mtakuwa mnakusanya hazina huku mnawafurahisha watoto, na kwa wazee wale kuulizwa tu ni heshima kubwa. Nimeiona sura ya mama mkwe wangu siku ile alivyorudi nyumbani.

Chakula kiende na nyumba. Hapa jijini wapo akina mama wanaojua kupika ugali wa mtama na mlenda, mtori wa Kichagga, matoke na senene wa Kihaya. Wapeni nafasi na vibali vya siku hiyo, wapangeni vizuri, wakaguliwe usafi, wauze. Familia itakula hapo badala ya kukimbilia nje, na ile hesabu ya siku nzima niliyoisema itakuwa imetimia. Tandikeni mikeka chini ya miti. Wekeni mbao za bao, na wazee wa bao mnawajua walipo, wako kwenye kila baraza la jiji hili. Acheni eneo la wazi la kombolela. Watoto wa siku hizi wengi wanakulia kwenye nyumba zisizo na uwanja, na mtoto aliyecheza kombolela akajificha nyuma ya msonge atapakumbuka mahali hapo kuliko aliyenakili kibao kwenye daftari.

Kuna jambo moja ambalo huenda likaonekana dogo mezani kwenu, lakini kwa mama mwenye watoto ndilo linaloamua kama atarudi. Choo. Choo safi, chenye maji, chenye ndoano ya kutundikia mkoba, chenye mlango unaofungika, na karibu yake chumba chenye benchi ambapo mama anaweza kunyonyesha na kumbadilisha mtoto. Na maji ya kunywa. Na njia ambayo mtoto wa kiti cha magurudumu anaweza kuipita bila kubebwa juu juu kama mzigo. Mkiwa na fedha za jambo moja tu mwaka huu, nawaomba kabati jipya la vioo lisubiri.

Sasa niende mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako utajiri ni mkubwa zaidi na watoto wadogo wanaupata kwa shida zaidi, kwa kuwa vitu vya thamani lazima vikae nyuma ya vioo. Hilo naliafiki kabisa. Hakuna mzazi mwenye akili anayetaka mwanawe aguse fuvu la Zinjanthropus. Ila nakala zipo, na nakala zinagusika. Fikirini nyayo za Laetoli. Viumbe wa kale wa jamii ya binadamu walitembea huko juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, miaka kama milioni 3.6 iliyopita, na mwaka 1978 nyayo zao zikaonekana, kubwa na ndogo, zinakwenda upande mmoja. Kwa mtoto hakuna habari nzuri kuliko hii, maana anaielewa bila kufafanuliwa: mkubwa na mdogo wanatembea pamoja. Zimwageni nakala zake kwa saruji pale uani, mfululizo, kwa vipimo vyake vya kweli, na kila mtoto avue viatu apime mguu wake. Baba naye avue. Nawahakikishia hapo patakuwa na foleni.

Halafu kuna dinosaria wa Tendaguru. Watoto wetu wanawajua dinosaria kwa majina magumu ambayo sisi wazazi hatuwezi kuyatamka, wameyatoa kwenye katuni, na wengi wanaamini wanyama hao ni wa Marekani. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa kwenye kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, na waliochimba kwa mikono yao ni watu wa kwetu kwa mamia, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani. Wapagazi wakaibeba mifupa hiyo vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao anasimama leo katika makumbusho ya Berlin, kichwa chake kiko zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni, na familia za Kijerumani zinajipanga na watoto wao kumtazama. Mazungumzo ya mifupa hiyo na Ujerumani ni ya serikali na serikali, nami nawaombea heri. Lakini wakati mnazungumza, mchoreni mnyama huyo kwa ukubwa wake kamili kwenye ukuta mrefu au kwenye ardhi ya uwanja, mtoto atembee kutoka mkiani hadi kichwani akihesabu hatua zake. Na jina la Boheti bin Amrani liandikwe pale kwa herufi kubwa ambazo mtoto wa darasa la pili anaweza kuzisoma.

Vibao navyo vinaweza kutusaidia sana. Sisi tuna namna yetu ya kumfanya mtoto atazame kitu: tunamtegea. Wekeni chini ya kila kabati, usawa wa macho ya mtoto, kitendawili kimoja kuhusu kitu kilichomo. Atakayesema "tega!" ni mtoto, na jibu atalikuta kwa kutazama, wala si kwa kusoma aya tatu. Hata mzazi ambaye hakusoma sana ataweza kushiriki kwa sababu vitendawili anavijua, na pengine mwanawe ndiye atakayeshindwa. Jioni hadithi zisimuliwe kwa mwanzo wake wa kwetu, paukwa, pakawa, katika jengo lililo kwenye mtaa uliopewa jina la mshairi aliyekipenda Kiswahili hivyo.

Kwenu, Mkurugenzi wa Jiji, ombi langu ni barabara. Siku za kazi Posta haipitiki, lakini Jumapili mnajua jinsi inavyotulia. Unaweza kusikia miguu yako mwenyewe. Mnaonaje, katika hiyo Jumapili moja ya mwezi, mkikifunga kwa magari kipande cha Samora kuanzia Sanamu ya Askari, kiungane na Shaaban Robert hadi getini mwa makumbusho? Ni mwendo mfupi hata kwa mtoto. Sanamu ile imesimama pale tangu 1927 kwa kumbukumbu ya askari wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na kwenye msingi wake kuna maneno ya Kiswahili, lakini ni watoto wangapi waliowahi kuyasogelea, wakati imezungukwa na magari pande zote? Familia zianzie hapo. Zitangulizwe na mdundiko. Wazaramo, ambao jiji hili limejengwa juu ya mashamba yao, wana ngoma inayotembea, na kila mzazi wa Dar es Salaam anajua nguvu ya mdundiko kwa watoto: ukipita mtaani, unawasomba wote. Safari hii wazazi nao watakuwa nyuma yake, wanajua unakowapeleka.

Anayetoka Kimara anashuka mwendokasi hapo hapo mjini. Anayetoka Mbagala hali kadhalika. Wakala wa mabasi hayo wakishirikishwa, tiketi ya familia ya siku hiyo inaweza kuchanganya nauli na kiingilio kwa malipo ya mara moja, na mzazi asitoe pochi mara sita. Sina utaalamu wa mifumo hiyo, wataalamu mnao.

Manispaa ya Kinondoni nanyi mna magofu ya Kunduchi. Kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na enzi hizo wenyewe walipamba nguzo kwa vyombo vya Kichina vilivyokuja na majahazi. Kila mwisho wa wiki familia nyingi zinakwenda Kunduchi kuogelea, zinapita karibu na magofu hayo na vigauni vya kuogelea kwenye mifuko. Kibao kizuri barabarani, njia iliyofyekwa, na mtu mmoja wa kueleza Jumamosi na Jumapili, vinatosha kwa kuanzia. Niliyasema haya kwa jirani yangu akaniuliza kama mimi ndiye nitakayefyeka. Kama mkitaka nguvu za wananchi, mtangaze tu, tutakuja na mapanga.

Majirani zetu wa Nairobi wanaweza kuwapa mawazo. Makumbusho yao yana bustani ya nyoka upande mmoja, na watoto wanawaburuta wazazi wao kwenda kuona nyoka. Wakishafika, wanamkuta na yule tembo Ahmed wa Marsabit, sanamu yake imesimama uani kwa ukubwa wake wote, wanapiga picha, kisha wanaingia ndani. Mtoto anavutwa na kitu kimoja kikubwa, kisha anayaona na mengine. Sisi nyayo na dinosaria tunao.

Najua mtaniuliza fedha. Mengi niliyoyaomba ni tarehe, vibali, mikeka na matangazo. Saruji ya nyayo na rangi ya dinosaria vina wafadhili wake hapa hapa mjini. Kampuni zinazochangia mbio za kila mwisho wa wiki na kugawa fulana zinaweza kuulizwa. Najua pia mtasema watoto wanaharibu vitu. Wanaharibu wakiachwa bila kazi ya kufanya. Wapeni nakala za kugusa na vitendawili vya kutegua, na wazazi wao tutakuwepo, hatujawaleta ili mtulelee.

Na kuna neno ambalo viongozi wetu wanalisema sana: utalii wa ndani. Kila nikilisikia naoneshwa Serengeti na Mikumi. Ni pazuri, na Mungu akijalia nitawapeleka wanangu. Ila kwa familia nyingi za Buguruni, Manzese na Tandale, safari ya mbugani itabaki kwenye televisheni kwa miaka mingi. Utalii wa ndani wanaoumudu ni ule wa daladala moja, Jumapili baada ya ibada, na bibi yumo.

Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani. Nawaomba Jumapili iliyo karibu na siku hiyo iwe ya kwanza. Mtangaze mwezi mmoja kabla. Katika kikoba chetu hapa Tabata nimeshazungumza na wenzangu, tumepata wazee waliokubali kuja kusimulia: bibi wa Kihaya aliyezaliwa kwenye msonge, mzee wa Kizaramo anayekumbuka Kariakoo ya nyumba za makuti, na mama mkwe wangu, ambaye amesema kutoka Dodoma atakuja kwa treni mkimwita. Nauli za wazee wetu wa kwanza tutachanga wenyewe. Mikeka tunayo. Kinachotukwamisha ni tarehe, nayo iko mikononi mwenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto watatu,
Tabata, Dar es Salaam